Wastani na Uteuzi wa Mkimbiaji

Kila mwaka ifikapo mwezi wa Septemba, huzuka katika vyuo vikuu vingi vya Marekani mjadala mkali: nani astahili kuanza mchezo akiwa mkimbiaji wa timu? Ni vema tueleze kwanza kwamba mpira wa Kimarekani si kandanda. Mpira wake una umbo la yai na huchukuliwa mikononi. Timu ya watu 11 hupewa majaribio manne ya kusogea mbele yadi 10, yaani meta 9 hivi. Ikishindwa, zamu huwaendea wapinzani. Mkimbiaji ndiye anayekabidhiwa mpira ili apenye ngome yao.

Hoja ya kwanza ya washabiki huwa ni wastani: jumla ya yadi alizokimbia mchezaji, ikigawanywa kwa idadi ya mikimbio yake. Je, hoja hiyo yatosha? Tutazame mfano wa kubuni.

Mkimbiaji A: 4, 4, 5, 4, 5, 4, 4, 5, 4, 5.
Mkimbiaji B: 1, 0, 2, 1, 3, 0, 2, 1, 0, 50.

A ana jumla ya yadi 44, na wastani wake ni 4.4. B ana yadi 60, na wastani wake ni 6.0. Kwa kipimo hicho, B amemshinda mwenziwe. Lakini tukizipanga namba kuanzia ndogo hadi kubwa, namba ya katikati kwa A ni 4, na kwa B ni 1 tu. Mikimbio mitatu yoyote ya A hutimiza yadi 10. Ya B, isipokuwa ule mmoja mrefu, haitimizi kamwe. Wastani umeficha tofauti hiyo.

Jambo la pili ni wingi wa vipimo. Vipimo vikiwa vichache, bahati ina nguvu kubwa. Kanuni ya takwimu yasema kwamba ili kupunguza kosa la wastani kwa nusu, yapasa kuongeza vipimo mara nne. Anayehukumiwa kwa mikimbio 20 hajapimwa sawasawa na aliyekimbia mara 200.

Jambo la tatu ndilo zito zaidi: uteuzi wenyewe huzaa takwimu. Mwaka 1987, Chuo Kikuu cha Jimbo la Oklahoma kilikuwa na wakimbiaji wawili, Thurman Thomas na Barry Sanders. Thomas ndiye aliyeanza, akapewa mpira mara 250 hivi, kwa wastani uliozidi yadi 6. Sanders aliupata mara 100 hivi, na wastani wake haukufika 6. Kwa namba hizo, mwalimu wa timu hakukosea. Mwaka 1988 Thomas alikuwa amekwisha ondoka. Sanders alikabidhiwa mpira mara 344 katika mechi 11, akakimbia yadi 2,628, yaani wastani wa 7.6, na akatunukiwa tuzo ya Heisman. Mwaka 2024 Ashton Jeanty wa Boise State alikimbia yadi 2,601 katika mechi 14. Alipungukiwa yadi 27 kuifikia rekodi hiyo.

Namba za mwaka 1987 hazikuwa za uongo. Zilipima kazi iliyofanyika katika nafasi iliyotolewa. Hazikupima uwezo ambao haujapewa nafasi. Asiyechezeshwa hana takwimu za kumtetea, na kwa kukosa takwimu huendelea kutochezeshwa.

Somo hili halihusu michezo pekee. Mwalimu ateuaye wanafunzi kwa alama za jaribio moja, na mwanafunzi ajionaye hana akili kwa sababu ya mtihani mmoja, wote wawili wajiulize maswali matatu: vipimo ni vingapi, vimetawanyika vipi, na kila mmoja alipewa nafasi gani ya kupimwa?