Zambarau ya Mwananchi: Biashara ya Kanzu za Mapambo Enzi za Mwanzo za Bizanti

Mwaka 301 Kaisari Diocletian alitangaza kikomo cha bei katika Dola ya Kirumi. Hariri ya zambarau haikuruhusiwa kuzidi denari 150,000 kwa ratili, na sufu ya zambarau denari 50,000. Amri hiyohiyo ilimwekea kibarua wa shamba ujira wa denari 25 kwa siku pamoja na chakula. Kwa hiyo ratili moja ya hariri ile ilikuwa sawa na ujira wake wa siku 6,000.

Hata hivyo, makaburi ya Akhmim na Antinoe nchini Misri yametoa maelfu ya nguo za karne zilizofuata, na zambarau imejaa tele katika mapambo yake. Waliozikwa nazo hawakuwa wa nyumba ya mfalme. Walihudumiwa na wafumaji na watia rangi waliojua kumpa mtu wa kawaida sura ya heshima kwa bei aliyoimudu.

Bidhaa kuu ilikuwa kanzu ya kitani. Ilifumwa nzima mtamboni, kuanzia ncha ya mkono mmoja hadi ya mkono mwingine, ikatoka na umbo la msalaba. Baada ya hapo ilikunjwa mabegani na kushonwa ubavuni. Mapambo yalikuwa na mahali pake: milia miwili kutoka mabegani kushuka mbele na nyuma, na viraka vya mviringo au vya mraba mabegani na karibu na magoti.

Kwa macho unaweza kudhani ni tarizi, lakini mapambo yalifumwa papo hapo. Mfumaji alipofika mahali pa ua au mpanda farasi, aliuacha mshindio wa kitani, akakusanya nyuzi za mtande mbili au zaidi pamoja, akapitisha sufu ya rangi huku na huku ndani ya eneo lile dogo. Kisha kwa uzi mwembamba wa kitani usiotiwa rangi alichora juu ya zambarau macho, vidole na mishipa ya majani.

Mgawanyo huu wa malighafi ulikuwa na hesabu yake. Kitani hakishiki rangi kwa urahisi, ila Misri ilikuwa nacho kwa wingi. Sufu hushika rangi vizuri, nayo ilitumika pale tu palipoonekana. Gharama ikaelekezwa kwenye sehemu ndogo ya nguo. Ndiyo maana kanzu ilipochakaa, mapambo yaliweza kukatwa na kushonwa kwenye nguo mpya.

Zambarau halisi ilitoka kwa konokono wa baharini, tena kwa maelfu yao ili kupata rangi kidogo. Watia rangi wa Misri walikwenda njia nyingine. Vipimo vya maabara vinaonyesha kwamba zambarau nyingi ya nguo hizi ni nyekundu ya mizizi ya mmea wa rubia iliyochanganywa na buluu ya jamii ya nili. Kitabu cha mafunjo kilichopatikana Misri, ambacho sasa kiko Stockholm, kina maelekezo kadhaa ya kuiga zambarau kwa namna hiyo. Serikali ilipozidi kubana, kama katika sheria ya mwaka 424 iliyowataka raia kusalimisha nguo za hariri zilizotiwa rangi ya kifalme, kilichoguswa ni bidhaa ya matajiri. Mafundi wa rubia na nili walikuwa na soko lao.

Ufundi huu ulirithishwa kwa mkataba. Tayari mwaka 66, katika mji wa Oxyrhynchus nchini Misri, mfumaji Tryphon alimkabidhi mwanawe Thoonis kwa mfumaji mwenzake, Ptolemaios, awe mwanagenzi kwa mwaka mmoja. Kila siku ambayo kijana angetoroka kazini, baba alipaswa kumrudisha aifidie au alipe drakma moja. Siku ya kazi ya fundi, hata angali mwanagenzi, ilikuwa na bei inayojulikana.

Wateja hawakukosekana. Mnamo mwaka 400 Askofu Asterius wa Amasea aliwakemea matajiri waliovaa nguo zenye picha za miujiza ya Injili, akawashauri waziuze na kuwaheshimu maskini. Onyo lake linatuonyesha jinsi mitindo ilivyobadilika: miungu ya Kiyunani na wawindaji sasa walikuwa sokoni pamoja na Kristo na mitume.

Upande wa hariri mambo yalikuwa magumu. Malighafi ilipitia mikononi mwa Waajemi. Karibu na mwaka 531 Kaisari Justinian aliwaomba Waaksumi wa Afrika wainunue kutoka India na kuwauzia Warumi. Mpango ukashindikana, kwa kuwa wafanyabiashara wa Uajemi walikuwa wakiwahi bandarini na kununua shehena zote. Mwanahistoria Procopius anaeleza kwamba Justinian aliweka bei ya sarafu 8 za dhahabu kwa ratili, wafanyabiashara wa Tyre na Beirut wakafilisika, kisha hazina ya serikali ikaanza kuuza yenyewe kwa sarafu zisizopungua 6 kwa wakia moja. Hata mayai ya nondo wa hariri yalipoingizwa na watawa mnamo mwaka 552, faida ilikuwa tayari imekamatwa na dola.

Tukiziweka biashara hizi mbili mizanini, mshindi ni fundi wa Nile. Hariri iliangusha wenye mitaji mikubwa kwa sababu njia yake ilikuwa moja, na serikali iliweza kuishika. Kanzu ya kitani ilisimama juu ya mazao ya karibu na ujuzi uliotapakaa mijini na vijijini. Waarabu walipoitwaa Misri, kufikia mwaka 642, mitambo ya kufuma haikunyamaza. Wafumaji hao na warithi wao waliendelea kuwafumia watawala wapya. Thamani ilikuwa katika mikono yao, na mali ya namna hiyo hakuna hazina iliyoweza kuihodhi.