Ukiumia Kazini, Dai Fidia Yako



Wengi wetu katika Karatu na Ngorongoro tumeajiriwa. Wako wanaochuma kahawa Oldeani, wanaopalilia vitunguu Mang'ola, na wanaofanya kazi katika hoteli za watalii.

Tuseme mwenzetu mmoja amenaswa mkono na mashine ya kumenyea kahawa. Amekatika vidole vitatu. Kidonda kitapona, lakini vidole havitaota tena. Je, atashikaje jembe? Watoto wake watakula nini?

Wengine husema ni bahati mbaya, wakarudi nyumbani na kukaa kimya. Hilo ni kosa. Ipo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008. Sheria hiyo iliunda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mfuko huu humlipa mfanyakazi wa Tanzania Bara aliyeumia kazini, au aliyepata ugonjwa kwa sababu ya kazi yake. Anayechangia ni mwajiri peke yake. Mshahara wako usikatwe kwa ajili hiyo. Lakini anayelima shamba lake mwenyewe au kuchunga mifugo yake hana mwajiri. Yeye hayumo katika fidia hii.

Fidia ni nini? Kwanza, ni matibabu. Pili, ukishindwa kufanya kazi kwa muda, hulipwa asilimia 70 ya mshahara wako, kwa muda usiozidi miezi 24. Tatu, ukibaki na ulemavu wa kudumu, hupimwa na daktari. Ulemavu usiozidi asilimia 30 hulipwa mara moja tu. Ukizidi hapo, hulipwa pensheni kila mwezi.

Ukiumia, fanya hivi:

1. Nenda hospitali siku ile ile. Mweleze daktari kwamba umeumia kazini, naye aandike hivyo. Kama ni ajali ya gari, pitia polisi upate PF3.

2. Mwarifu mwajiri mara moja. Yeye anatakiwa kuuarifu Mfuko katika siku 7. Asipofanya hivyo, peleka habari mwenyewe. Usingoje mpaka miezi 12 ipite, kwa maana haki yako inaweza kupotea.

3. Andika majina ya walioona ajali. Tunza mkataba, hati za mshahara na vyeti vyote vya hospitali mahali pakavu.

Je, ukikataliwa? Usikate tamaa. Omba sababu kwa maandishi, kisha ijibu sababu hiyo. Wakisema hukuwa mwajiriwa, peleka hati ya mshahara na mashahidi. Wakisema hukuumia kazini, peleka cheti cha siku ya kwanza. Andika barua kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mfuko, uombe shauri lako liangaliwe upya. Usiporidhika, kata rufaa kwa Waziri anayehusika na kazi, na baadaye Mahakama ya Kazi. Rufaa ina siku zake. Uliza siku ya mwisho, uiandike. Afisa Kazi au chama cha wafanyakazi wanaweza kukusaidia.

Mwisho, ndugu msomaji, ukiletewa karatasi inayosema umelipwa na huna dai tena, isome yote kwanza. Usipoielewa, mwombe mwalimu akusomee. Usitie sahihi wala dole gumba kwenye jambo usilolijua.