Ndugu Zetu wa Milima ya Marungu

Sisi wakaaji wa Lubumbashi twapenda kunung'unika juu ya baridi ya mji wetu. Mwezi wa sita na wa saba, asubuhi mapema, mtu hujifunika koti juu ya koti na kuulaumu upepo. Lakini mji wetu umesimama mita 1,200 hivi tu juu ya usawa wa bahari. Wako watu wanaokaa juu zaidi kuliko sisi, tena wengine mbali na kila njia ya gari, nao ndio tutakaowaeleza habari zao leo: wenyeji wa milima ya Marungu, upande wa kusini-magharibi wa Ziwa Tanganyika. Zamani nchi yao ilihesabiwa katika Katanga yetu. Tangu mwaka 2015 imo katika mkoa wa Tanganyika, ambao makao yake ni Kalemie.

Msomaji na afikirie jinsi ilivyo. Maji ya ziwa yako kwenye mita 770 hivi. Vilele vya Marungu vyafika mita 2,460. Mtu akishuka katika mashua pale bandari ya Moba, ameuona mlima umesimama mbele yake kama ukuta, na njia yote iliyobaki ni ya kupanda. Kwanza hufika Kirungu, misioni ya zamani iliyoitwa Baudouinville. Toka hapo huendelea bara, mpaka penye majani mafupi yanayoyumba kwa upepo bila mti hata mmoja. Miti yote imejificha mabondeni, kando ya vijito. Mto Mulobozi umeigawanya nchi hiyo sehemu mbili, kaskazini na kusini.

Wengi wa wenyeji ni Watabwa, watu wa jembe. Nyumba zao ni za matofali ya udongo, na paa ni la majani. Wapanda mihogo na mahindi, na zaidi ya yote maharagwe, ambayo hustawi katika ubaridi ule. Mvua si haba, kwa kuwa hunyesha milimita 1,200 hivi kwa mwaka, toka mwezi wa kumi hata mwezi wa nne. Lakini udongo hauna nguvu nyingi. Shamba likilimwa miaka michache huchoka, na mwenyewe hana budi kufungua jingine mbele zaidi. Hivyo mama anayekaa kijijini hutembea mbali kila mwaka unaopita: mbali kwenda shambani, mbali kutafuta kuni. Sisi tunaonunua makala ya kupikia kwa gunia pembeni mwa barabara tungeshindwa siku ya kwanza.

Hapa twataka kusimama kidogo, kwa sababu watu wengi mjini husema, "Wanakijiji ni maskini kwa kuwa hawafanyi kazi." Maneno hayo ni ya mtu asiyejua bei. Maharagwe ya Marungu hushuka ziwani na kupakiwa katika mashua kwenda Kalemie. Yana sifa, na wanunuzi hawakosi. Lakini nani ayafikishe ziwani? Njia ni za mawe na makorongo. Mvua ikinyesha gari hukwama au halipandi kabisa. Imebaki baiskeli, ile tunayoiita kinga, na mwenyewe haipandi bali huisukuma, gunia limefungwa juu yake. Mkulima asiyekuwa na baiskeli humngoja mfanya biashara afike kijijini, na mfanya biashara akifika, ndiye anayetaja bei. Afanyeje mkulima? Akikataa, maharagwe yataliwa na fukusi. Tena mtu yule yule huleta chumvi, sabuni na kitenge, na bei ya vitu hivyo imeongezeka katika kila mlima uliopandwa. Basi mkulima hupunjwa akiuza, hupunjwa tena akinunua, na jasho lake lote limelipia njia mbaya.

Njia hiyo hiyo ndiyo inayoamua mambo ya uzazi. Mama akishindwa kujifungua usiku, vijana humbeba katika machela mpaka penye zahanati, wakipokezana mabega. Mabonde ni mengi. Wengine hufika, wengine hawafiki. Hatuna la kuongeza juu ya jambo hilo.

Kwa upande wa shule, nchi hii ina heshima ambayo watoto wetu wa mjini huisahau. Mapadre Weupe walifika Mpala, pwani ya ziwa, mwaka 1885. Baada yao, mwaka 1887, akaja Kapteni Léopold Joubert kuwalinda watu na wakamata watumwa. Alioa mwenyeji, akakaa huko hata kufa kwake mwaka 1927. Katika watoto wa Marungu waliosomeshwa Mpala, na hatimaye Baudouinville, alikuwamo Stefano Kaoze. Huyo alipewa upadre mwaka 1917, wa kwanza kati ya Wakongo katika nyakati zile za Wabelgiji. Na kabla ya kuwa padre, toka mwaka 1910, maandiko yake juu ya mawazo na desturi za Wabantu yalichapwa kwa Kifaransa, yakasomwa Ulaya. Alifariki mwaka 1951. Mtoto wa milimani aliwafundisha wataalamu! Siku hizi, tangu mwaka 2019, serikali imeagiza shule za msingi za serikali zifundishe bila malipo. Agizo ni jema. Lakini mwalimu asipopata mshahara wake, au akitembea siku nyingi kwenda kuuchukua, darasa hubaki bila mtu wa kufundisha, na wazazi huanza tena kuchanga.

Msidhani kwamba kwa kuwa mbali watu hao waliachwa katika amani. Mwaka 1984, na tena mwaka 1985, waasi waliingia Moba. Katika vita vya 1998 hata 2003 mambo yalizidi. Pepa, penye malisho makubwa ya ng'ombe tangu wakati wa Wabelgiji, palipiganiwa mwaka 2000, majeshi yakipokonyana, na kabla mwaka haujaisha Pweto nayo ikatekwa. Maelfu walivuka kwenda Zambia na Tanzania, wakakaa makambini miaka mingi. Ng'ombe waliporwa. Watu waliporudi walikuta majani yamemea ndani ya nyumba zao, wakashika jembe upya.

Liko jambo jingine lisilosemwa sana. Ile misitu myembamba ya mabondeni yakatwa kwa mbao, na kingo za vijito zakanyagwa na mifugo hata kubomoka. Humo hukaa chozi mmoja, ndege mdogo anayeng'aa, ambaye wataalamu walimpa jina la Prigogine. Hapatikani mahali pengine po pote duniani. Labda mtu atacheka kwamba twalilia ndege. Na acheke. Lakini chozi na mama mwenye mtungi wanywa katika kijito kimoja, na miti ya kandoni ikiisha, wote wawili wataona kiu.

Wako wasomaji wetu wenye ndugu huko, nao hutuuliza jinsi ya kuwapelekea mzigo. Reli yetu imeungana na ile ya Kalemie tangu mwaka 1956, ila treni haina haraka. Toka Kalemie ni mashua hata Moba. Yafaa kutuma madaftari, kalamu, sabuni na blanketi nzito. Fungeni vizuri kwa nailoni, andikeni jina la kijiji na la mtu atakayeupokea mzigo bandarini, tena uondoke mapema, ili uwe umekwisha kupanda mlima kabla ya mvua za mwezi wa kumi.