Je, Wajua? Digrii Moja Tu!

Sogea hapa benchini, kikombe chako ni hiki.

Wajua kwamba Kericho, Kenya, papo hapo jirani na ikweta, hupigwa na mvua ya mawe wastani wa siku 50 kwa mwaka? Mwaka mmoja zilifika 132, rekodi ya dunia!

Usidhani basi joto halina kazi huku. Vimelea vikali zaidi vya malaria haviwezi kukomaa ndani ya mbu hewa ikiwa chini ya digrii 18. Na wastani wa Kericho? Hiyo hiyo 18 hivi! Tena kituo cha hali ya hewa cha hapo kilipima joto likipanda kama digrii 0.2 kila miaka kumi, kuanzia 1979 hadi 2009.

Mbu naye ni mpelelezi, bwana. Huko Gambia, wajawazito walivutia mbu wa malaria mara mbili ya wenzao wasio na mimba. Pumzi wanayotoa ni asilimia 21 zaidi, na ngozi ya tumbo ina joto zaidi kwa digrii 0.7!

Mjamzito akiambukizwa, vimelea hujibanza kwenye kondo la nyuma, hata damu ya kidoleni huenda isivionyeshe. Mtoto huweza kuzaliwa na uzito mdogo, yaani chini ya gramu 2,500. Hebu beba pakiti tano za majani chai za nusu kilo. Hajafika hapo!

Tukirudi kwenye joto, mtoto tumboni humzidi mamake joto kwa karibu nusu digrii, na hupoa kupitia kwake. Kwa hiyo mchuna chai mjamzito wa Bomet, jirani na Kericho, kikapu mgongoni na jua la saa saba utosini, anapoza watu wawili! Gambia tena: wakulima wajawazito 92 walipimwa shambani, na kila digrii moja ya kero ya joto iliongeza dalili za mtoto kutaabika kwa asilimia 17. Digrii moja tu, ndugu yangu!

Akishazaliwa, kibao kinageuka: adui sasa ni baridi. Shirika la Afya Duniani linataka chumba cha kuzalia kisipungue digrii 25. Kwa Kericho, huo ni mchana wa jua kali! Na maji ya kuoga? Yangoje saa 24.

Nikuongezee moja kabla chai haijapoa. Bogotá, Kolombia, ni mji wa baridi ulio juu kuliko Kericho, nao hauko mbali na ikweta. Mwaka 1978 mashine za kuwapasha joto watoto njiti hazikutosha, madaktari wakawaweka kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, kama kangaruu. Wengi wakapona! Leo dawa ni ile ile: kifua cha mama, kofia kichwani, blanketi juu.