Mpira Mmoja au Mipira Pacha? Gari la Chama na Mafunzo ya Ngara na Biharamulo

Ndugu wanachama,

Mkutano Mkuu ujao utakuwa na shauri zito mbele yake, nalo ni ununuzi wa gari la chama. Fedha zilizowekwa kidogo kidogo kutokana na mauzo ya misimu iliyopita zinatosha gari moja, wala hazitoshi mawili. Wako wanachama wanaotaka pikapu yenye mpira mmoja kila upande wa nyuma, na wako wanaotaka gari la mipira pacha, yaani miwili kila upande, ili tupakie zaidi. Maneno yamekuwa mengi barazani, na mengine yamesemwa kwa hamaki. Yafaa kila mmoja alijue jambo lenyewe kabla hajanyosha mkono.

Kwanza tufahamiane juu ya magari. Huko Marekani pikapu za aina zote mbili huuzwa, na mnunuzi huchagua apendayo. Kwetu Afrika ya Mashariki karibu pikapu zote, kama Hilux na Land Cruiser, zina mpira mmoja mmoja nyuma. Atakaye mipira pacha hana budi kuchukua kigari cha mizigo kama Canter, Dyna au Elf. Kwa hiyo tunapochagua mipira tunachagua na gari zima, pamoja na urefu wake, uzito wake na nguvu ya magurudumu yake.

Magari ya aina zote mbili hufanya kazi ngumu kila siku katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoa wa Kagera. Nchi hiyo i mbali na bahari, na wenyeji wake hawalimi karafuu bali kahawa, ndizi, mahindi na maharage. Lakini shida yao ya njia ni ndugu ya shida yetu ya Pemba: vilima, udongo unaoteleza, mvua za vipindi viwili kwa mwaka, na mazao yatokayo shambani kwa njia ndogo kabla ya kuifikia barabara kubwa. Basi tutazame wao wanafanyaje.

Barabara kuu ya lami hupita Nyakanazi na Lusahunga katika wilaya ya Biharamulo, ikaingia Ngara mpaka daraja la Rusumo, mpakani mwa Rwanda, karibu na mahali mto Ruvubu unapokutana na Kagera. Barabara hiyo ilipata kujulikana dunia nzima mwishoni mwa Aprili 1994, pale watu wapatao robo milioni walipovuka Rusumo kwa muda wa kama siku moja wakikimbia kutoka Rwanda. Walipiga kambi Benaco, mahali palipopewa jina la kampuni ya Kitaliani iliyojenga barabara. Umati ule ulilishwa kwa chakula kilicholetwa na malori makubwa ya mipira pacha, na hata leo malori ya namna hiyo ndiyo yapitayo hapo kwenda Rwanda na Burundi.

Sababu yake ni wazi. Mipira miwili hugawana mzigo, kila mmoja ukachukua sehemu yake. Mmoja ukipasuka, mwenzake hulishika gari mpaka dereva asimame salama. Na kwa kuwa magurudumu ya nyuma yamekaa kwa upana, gari lililopakiwa juu haliyumbi sana kwenye kona. Sheria nayo huitambua tofauti hii. Sheria ya Afrika ya Mashariki ya mwaka 2016 juu ya uzito wa magari, iliyoanza kushikwa Tanzania Bara tarehe 1 Machi 2019, huruhusu ekseli moja yenye mipira minne kubeba tani 10, bali yenye mipira miwili huruhusiwa tani 8 tu. Kwa hiyo penye lami, mzigo mzito na safari ndefu, mipira pacha haina mshindani.

Lakini tuiache lami tupande vilimani, huko mkungu wa ndizi na gunia la kahawa vinakotoka. Hapo mambo hugeuka.

Njia ya udongo ikishapitwa na magari hufanya mikondo miwili. Gari la mpira mmoja hutia magurudumu yake ya nyuma katika mkondo ule ule uliofuatwa na ya mbele. La mipira pacha haliwezi. Mpira mmoja huingia mkondoni na mwenzake hupanda ukingo, au yote miwili hukataa kuingia, gari likaenda upande upande. Mvua ikinyesha, matope hujaa katikati ya mipira na kugandamana, ikawa kama gurudumu moja laini lisilo na meno. Kigari hicho kikiwa kitupu nyuma huwa chepesi, na mipira minne ikiugawana uzito huo mdogo haiumi ardhi. Tena magari mengi ya namna hiyo huendeshwa kwa magurudumu ya nyuma peke yake, hali Land Cruiser na Hilux nyingi zina nguvu ya magurudumu yote manne. Katika kupanda kilima chenye utelezi, nguvu hiyo ina faida kuliko wingi wa mipira.

Kisha kuna mawe. Barabara za changarawe hurusha kokoto, na kokoto ikibanwa katikati ya mipira miwili huikata ubavuni kila gurudumu linapozunguka. Mpira wa ndani nao hauonekani vizuri. Ukipungua upepo, wa nje hubeba mzigo wa wawili kimya kimya, ukapata moto na kupasuka. Ndiyo maana dereva mwangalifu hushuka na kipande cha mti au nyundo akaigonga mipira mmoja mmoja kuusikiliza mlio wake. Mipira pacha yapasa pia iwe ya kimo kimoja. Ukiweka mpya pamoja na uliolika, ule mkubwa utachukua mzigo na mdogo utakuwa ukiburuzwa, na yote miwili itakwisha kabla ya wakati wake.

Kukwama si jambo la kuchekea. Katika msitu wa Biharamulo ilikuwapo miaka ambayo magari yalisindikizwa na polisi kwa kuhofia wanyang'anyi. Sisi, alhamdulillah, hatuna hofu hiyo. Lakini tunayo yetu. Karafuu mbichi zikikaa zimerundikana ndani ya magunia hupata joto na kuvunda, na zikianikwa baadaye hutoka zimesinyaa na kuwa nyeupe nyeupe. Mpimaji akiziona huzishusha daraja. Gari lililokwama usiku mmoja bondeni laweza kula jasho la mchumaji, la mkodi na la mwenye shamba kwa pamoja.

Sasa tufanye hesabu. Gari la mpira mmoja hutaka mipira minne na mmoja wa akiba, jumla mitano. La mipira pacha hutaka sita na mmoja wa akiba, jumla saba. Kila mara tutakapobadilisha mipira yote tutanunua miwili zaidi, nayo ni fedha ya chama. Na kuhusu mzigo, tukumbuke kwamba kilo 3 hivi za karafuu mbichi hutoa kilo 1 kavu. Mzigo mkubwa basi ni ule wa mbichi, nao husafiri mwendo mfupi kutoka mkarafuuni mpaka uwanja wa kuanikia. Zikishakauka, pikapu ya tani moja huweza kufikisha kituo cha ZSTC karafuu kavu zilizokuwa tani 3 mbichi.

Wanaopenda mipira pacha wana haki yao, nayo lazima isemwe. Safari huwa chache, na barabarani gari hutulia. Lakini wajihadhari na jambo moja. Mipira ikizidi, breki hazizidi, wala springi hazipati nguvu mpya. Gari huvumilia kiasi alichokiandika aliyelitengeneza, si kiasi kinachoenea juu yake. Aliyepakia kupita kiasi ataligundua hilo wakati wa kuteremka kilima, na hapo huwa amechelewa.

Rai ya katibu wenu ni kwamba gari la chama liwe pikapu ya mpira mmoja, yenye nguvu ya magurudumu yote manne. Siku chache za kilele cha mavuno, karafuu kavu zikijaa ghalani, tukodi Canter, nalo lingojee penye lami, pikapu ililetee magunia. Hivyo kila gari litafanya kazi liliyoumbiwa.

Na iko sababu nyingine iliyo kubwa kuliko mipira. Fedha hizi zimetolewa na wote. Mwenye mikarafuu kando ya lami ametoa, na mwenye mikarafuu michache mwisho wa bonde, ambako njia hufa mvua ikinyesha, naye ametoa kama mwenziwe. Yule wa kando ya lami hakosi gari la kukodi. Huyu wa bondeni hana jingine ila la chama. Tukinunua gari lisilomfikia tutakuwa tumechukua fedha yake kumsaidia jirani yake, nalo si jambo la haki.

Kila mwanachama anaombwa aje mkutanoni akiwa ameitazama njia ya shamba lake: upana wake, kilima chake, na mahali magari yanapokwama. Atakayekuwa na rai nyingine ailete kwa hoja, nayo itasikilizwa. Tutakalokubaliana wengi litakuwa letu sote, Inshallah.

Wabillahi taufiki.

Katibu wa Chama