Mti Unaohesabu Baridi: Persimoni kwa Mbegu, Kutoka Mkuyuni Hadi Mgeta

Miti ya Matunda Uluguru, Sehemu ya Tatu

Mkulima wa Mkuyuni, mashariki mwa milima ya Uluguru, amezoea mbegu zisizongoja. Karafuu iliyoiva ikidondoka, mbegu yake ina siku chache tu za kupandwa. Ukiianika juani kama mahindi na kuiweka koponi hadi masika, umehifadhi mbegu iliyokufa. Fenesi ni hivyo hivyo, mdalasini na kakao vilevile. Ni miti ya nchi ambazo ardhi yake iko tayari kupokea mche karibu mwaka mzima, na mbegu zake hazina haja ya kulala. Sehemu mbili zilizotangulia zilihusu mbegu za aina hiyo. Leo tunaigeukia mbegu yenye tabia ya kinyume, inayokataa kuota mpaka kwanza ipite kwenye baridi. Ni mbegu ya persimoni, hasa ya zile aina chotara zilizozalishwa kwa ajili ya nchi za theluji.

Tunda lenyewe si geni kwa Watanzania waliofika Muscat, Dubai au miji ya Ulaya. Hujaa madukani mwishoni mwa mwaka, umbo la nyanya kubwa, rangi ya chungwa, na kofia ya majani manne magumu pale liliponing'inia. Anayelionja likiwa limeiva barabara huwaza kwao. Je, mbegu yake ikifika Uluguru itaota? Itaota, ikipozwa kwanza. Swali gumu ni la pili, kama mti utazaa, na jibu lake hutegemea umeupanda mita ngapi kutoka usawa wa bahari.

Watu wengi huudhani mti huu kuwa wa Kizungu. Ukweli ni kwamba persimoni ni ya jenasi iitwayo Diospyros, yenye spishi mamia kadhaa, na zilizo nyingi kabisa ni za nchi za joto. Ndugu zake tunao. Diospyros mespiliformis, mti mkubwa wa kandokando ya mito na kwenye vichuguu, ambao sehemu nyingine huitwa mjoho, huzaa matunda ya njano yanayoliwa na watu, nyani na ndege. Diospyros usambarensis na Diospyros amaniensis zimebeba majina ya milima na misitu ya Tanga. Mpingo wetu, ambao wengi huuingiza katika ukoo huu kwa ajili ya weusi wa kiini chake, haumo. Wenyewe ni wa familia ya kunde. Kwa hiyo persimoni ya theluji ni tawi la ukoo wa kitropiki lililohamia kaskazini na kuzoea maisha ya huko. Joto la Mkuyuni haliuogopeshi mche wake hata kidogo. Kinachoukosesha raha Mkuyuni ni kitu kingine, nacho nitakifikia.

Chotara hizi zina wazazi wawili. Wa kwanza ni Diospyros kaki, wa China, uliolimwa China, Japani na Korea kwa karne nyingi. Una matunda makubwa na matamu, lakini baridi kali huuangamiza. Wa pili ni Diospyros virginiana, mti wa porini wa mashariki mwa Marekani. Matunda yake ni madogo na yamejaa mbegu, ila huvumilia nyuzi 25 chini ya sifuri na pengine zaidi. Kuwaoanisha si kazi nyepesi. Kaki kwa kawaida ina kromosomu 90 katika kila seli, ilhali yule wa Marekani ana makundi mawili, moja lenye 60 na jingine lenye 90. Chavua ya kundi lisilolingana ikitumika, mbegu huelekea kudumaa ndani ya tunda. Waliofanikiwa kwanza kupata aina ya kujivunia walikuwa watafiti wa bustani ya mimea ya Nikitsky, karibu na Yalta huko Crimea, bustani iliyoanzishwa mwaka 1812. Katika miaka ya 1950 ilitoka kwao aina inayoitwa Rossiyanka, chotara wa moja kwa moja wa spishi hizo mbili. Baadaye walirudisha damu ya kaki katika kizazi cha Rossiyanka wakapata aina ambayo leo wapandaji wa Marekani na Ulaya huiita Nikita's Gift, yenye matunda mekundu-machungwa na robo tu ya asili ya Kimarekani.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo kiini cha makala hii. Kustahimili baridi na kuhitaji baridi ni mambo mawili, lakini katika mti huu yanakwenda pamoja. Tunda la persimoni ya Marekani huanguka mwezi wa Oktoba au Novemba. Mbegu ikiota papo hapo, mche mchanga utakutana na theluji wiki chache baadaye na kufa. Mbegu zilizosalia kwa maelfu ya miaka ni zile zilizobeba kizuizi ndani yake: kemikali ya kuzuia ukuaji, asidi ya absisiki, huutuliza mche ulio ndani, na punje ngumu inayouzunguka huubana. Mbegu ikikaa kwenye unyevu na baridi kwa miezi miwili au mitatu, kizuizi hupungua na kemikali za kusukuma ukuaji huchukua nafasi. Joto likirudi, mbegu huelewa kwamba majira ya theluji yamepita. Machipukizi ya mti mzima hufuata kanuni hiyo hiyo. Mti hupukutisha majani, hulala, hukusanya saa za baridi, kisha huchipua na kutoa maua kwa pamoja.

Mkuyuni haina saa hizo. Iko chini, upande wa mashariki wa Uluguru, kwenye barabara ya Bigwa kwenda Kisaki, na hata usiku wa kipupwe, Juni na Julai, baridi yake iko mbali sana na nyuzi 7, kiwango ambacho chini yake wataalamu wa matunda huhesabu saa za baridi. Kalenda ya mti wa Mkuyuni ni mvua, vuli na masika. Persimoni iliyopandwa hapo itakua, na pengine itakua haraka, lakini itakapofika umri wa kuzaa itachipua tawi moja leo na jingine baada ya miezi, maua machache huku, majani makuukuu kule. Mti wa namna hii unaweza kusimama miaka mingi bila kumpa mwenyewe kikapu cha matunda.

Ng'ambo ya mlima mambo hubadilika. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, hewa hupoa kwa nyuzi kama 6. Tarafa ya Mgeta, ambayo unaifikia kwa kupitia mjini Morogoro, Sangasanga na Mlali, ina mashamba kati ya mita 1,000 na 2,000, na wakulima wake wanavuna maplamu, mapichi, mapea na maepo tangu enzi za wamisionari. Miti hiyo yote hupukutisha majani kama persimoni. Palipo na plamu inayozaa vizuri, kaki ina haki ya kujaribiwa, kwa sababu kaki huridhika na baridi kidogo, mara nyingi chini ya saa 200. Chotara hudai zaidi kidogo kadiri asili ya Kimarekani inavyozidi ndani yake. Na panapopungua baridi, ipo mbinu ya kuigwa. Huko Batu, mashariki ya kisiwa cha Java, wakulima wa maepo huchuma majani yote ya mti kwa mkono baada ya mavuno, na mti huchipua upya bila kungoja baridi ambayo haitakuja.

Anayetaka kuanza na mbegu afanye hivi. Mbegu itoke kwenye tunda lililoiva hadi kulainika, ioshwe mpaka utelezi wote uishe, maana utamu unaobaki huleta ukungu. Iloweke usiku mmoja na kutwa, zinazoelea tupa. Usianike. Mazoea ya kuanika mbegu mpaka zikauke kau, yanayofaa mahindi na maharage, huku hayana kazi, kwa sababu mbegu hii hupokea baridi ikiwa na unyevu. Zichanganye na mchanga safi wenye unyevu, usiochuruzika maji ukiufinya, tia kwenye mfuko wa nailoni wenye matundu machache, weka kwenye friji. Iwe sehemu ya chini, inayokaa kwenye nyuzi 3 hadi 5, kamwe si kwenye friza. Friji ya kawaida ya nyumbani inatosha. Umeme kukatika kwa saa chache hakuharibu kazi. Mbegu ya asili ya Kimarekani na ya chotara ikae siku 60 hadi 90, ya kaki tupu huhitaji muda mfupi zaidi. Kila baada ya wiki mbili fungua mfuko, angalia ukungu, nyunyiza maji kama mchanga umekauka. Ukiziweka mwanzoni mwa Desemba, mwezi wa Machi unazitoa, na hapo joto la Mkuyuni linageuka kuwa neema, kwani mbegu iliyokwisha kupozwa huota vizuri kwenye nyuzi 25 hadi 30.

Viriba viwe virefu. Persimoni hutangulia kushusha mzizi mkuu, na ukitumia kiriba kifupi cha miche ya mboga mzizi hujikunja chini na mti hubaki na kilema hicho maisha yake yote. Wakati wa kuhamisha utaona mizizi ni myeusi. Usiitupe miche ukidhani imeoza. Weusi huo ndio rangi yake ya kawaida, alama ya ukoo ule ule wenye kiini cheusi.

Mpaka hapa tumezungumzia kuota. Kuna jambo zito zaidi, nalo ni kwamba mbegu ya chotara haikuahidi chochote kuhusu tunda. Chungwa na limau hutuzoesha vibaya, kwa sababu mbegu zake nyingi hutoa miche inayofanana na mama bila kuchanganya na baba, na hata baadhi ya maembe huwa hivyo. Persimoni haina tabia hiyo. Kila mbegu ni mchanganyiko mpya wa kromosomu 90 za wazazi, na baba mara nyingi hajulikani. Mbegu kumi za tunda moja la Nikita's Gift zitatoa miti kumi tofauti, mmoja wenye matunda mazuri, mwingine wenye matunda madogo na makali.

Tena miti yenyewe ina jike na dume. Kila aliyepanda mapapai anaielewa hasara hii, lakini papai dume hujulikana ndani ya mwaka likatwe, ilhali persimoni ya mbegu huchukua miaka 4 hadi 8 kabla ya ua la kwanza. Watafiti wa Japani na Marekani walitangaza mwaka 2014 kwamba wamepata jeni iitwayo OGI, inayobebwa na madume na kuzuia jeni nyingine inayojenga ua jike. Kwenye maabara, basi, mche mchanga unaweza kupimwa jani na kutambuliwa. Shambani Mkuyuni au Mgeta hakuna njia ila kungoja, na karibu nusu ya miche uliyoilea inaweza kuwa madume.

Kungoja huko kuna gharama ya pekee kwa Waluguru. Kwa desturi, ardhi ni ya ukoo wa upande wa mama, na mti wa kudumu ni wa aliyeupanda. Kupanda mti ni kudai mahali kwa miaka mingi, na hufanywa baada ya kuelewana na wakubwa wa ukoo. Kulifunga eneo la ukoo kwa miaka minane, kisha likatoa madume na matunda yenye ukakasi, ni jambo la kuogopwa kuliko hasara ya fedha.

Nimetaja ukakasi. Aina nyingi za persimoni, chotara zikiwemo, zikiliwa ngumu hufunga mdomo kwa tanini. Dawa yake Mkuyuni ipo tele. Fungia matunda pamoja na ndizi mbivu kwenye ndoo yenye kifuniko. Hewa ya ethilini itokayo kwenye ndizi huyalainisha, tanini hugandamana na ulimi hauisikii tena.

Uamuzi wangu ni huu. Kwa shamba la Mkuyuni, usiondoe karafuu wala mdalasini kwa ajili ya persimoni chotara. Uhodari wake wa kuvumilia theluji hauna kazi hapa, na madai yake ya baridi hayatatimizwa. Kazi inayoifaa Mkuyuni ni kitalu: miche ya mbegu ikuzwe kwenye joto hili, ipelekwe Mgeta, ibebeshwe vikonyo, yaani vijitawi, vya aina jike zinazojulikana tunda lake, hasa kaki zinazoridhika na baridi ndogo. Mbegu hapo inatumika kutoa mzizi, na kikonyo ndicho kinachotoa tunda. Sehemu ya nne itaeleza kubebesha hatua kwa hatua.

Kabla ya hapo, ombi kwa mwenye ndugu aliye ng'ambo. Usimwambie atie mbegu au vikonyo kwenye bahasha. Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 inataka kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi inakotoka, kwa sababu ugonjwa mmoja ukiingia na mche unaweza kufika kwenye plamu na mapea ya Mgeta yote. Omba kibali kwanza, agiza baadaye.