Mshika Mapigo Naye Apewe Haki Yake

Desturi ya watu katika dansi ni kumtazama aliye mbele. Mwimbaji hutuzwa, mpiga tarumbeta hushangiliwa, na kiongozi wa bendi ndiye ambaye jina lake huandikwa mlangoni. Yule akaaye nyuma na ngoma zake, ambaye bila yeye miguu ya wachezaji isingejua iendako, aghalabu hukumbukwa siku anapokosea tu. Habari za wapiga ngoma wa Marekani katika zama za muziki wa jazi uitwao swingi, yaani takriban kati ya mwaka 1935 na 1945, zatuonyesha jinsi desturi hiyo inavyoweza kugeuka kuwa dhuluma.

Swingi ulikuwa muziki wa bendi kubwa, zenye tarumbeta na saksafoni nyingi, nao ulipigwa ili watu wacheze. Mpiga ngoma ndiye aliyeushika umoja wa kundi zima. Akiharakisha, wote waliharakisha. Akilegea, wote walilegea.

Mfano mkubwa ni Chick Webb, mzaliwa wa mji wa Baltimore. Utotoni alipatwa na kifua kikuu cha uti wa mgongo, kikamwacha na kibiongo na umbo fupi mno. Aliuza magazeti mitaani ili apate fedha za kununulia ngoma. Hakujua kusoma muziki ulioandikwa. Alikuwa akiusikiliza na kuuhifadhi moyoni nyimbo nzima, sehemu ya kila mpigaji. Ngoma zake zilitengenezewa vikanyagio maalumu ili miguu yake ivifikie. Mtu huyo, ambaye wengi wangemhesabu kuwa si wa kazi, aliongoza bendi iliyotawala ukumbi wa Savoy katika mtaa wa Harlem, New York.

Savoy ulifunguliwa mwaka 1926. Tofauti na kumbi nyingi za nchi ile, humo weusi na weupe waliruhusiwa kucheza pamoja. Tarehe 11 Mei 1937 bendi ya Webb ilishindanishwa humo na ile ya Benny Goodman, iliyokuwa maarufu kuliko zote kwa wakati huo. Maelfu walijaa ndani, na maelfu wengine wakabaki barabarani. Mpiga ngoma wa Goodman alikuwa Gene Krupa, kijana mweupe wa Chicago, mwenye asili ya Kipolandi. Usiku ule Webb alishinda, na Krupa mwenyewe hakuona haya kukiri.

Hata hivyo, ushindi wa usiku mmoja haukuubadilisha utaratibu wa nchi. Ubaguzi wa rangi ulizinyima bendi za weusi nafasi nyingi katika hoteli kubwa na katika vipindi vya redio vilivyogharimiwa na makampuni. Wimbo wa "Stompin' at the Savoy" ulitungwa na Edgar Sampson, mpiga saksafoni wa bendi ya Webb, nayo ikaurekodi mwaka 1934. Goodman aliurekodi mwaka 1936, ukaenea mbali zaidi, na jina lake likaandikwa miongoni mwa watungaji. Wimbo mwingine wa Sampson, "Don't Be That Way", ndio uliofungua onyesho mashuhuri la Goodman katika ukumbi wa Carnegie tarehe 16 Januari 1938. Basi waliopanda mbegu walikuwa hawa, na sehemu kubwa ya mavuno ikaenda kwa wale.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na mwenye nguvu naye tusimnyime ya kwake. Krupa alikuwa fundi wa kweli, na ni yeye zaidi ya wengine aliyemfanya mpiga ngoma atazamwe na umma. Alipokuwa na bendi yake mwenyewe, mwaka 1941 alimwajiri Roy Eldridge, mpiga tarumbeta mweusi, wakati ambapo wengi hawakuthubutu. Lawama yetu ni juu ya utaratibu uliomwinua mmoja na kumfunika mwenziwe.

Mwingine aliyefanya kazi kubwa bila makelele ni Jo Jones wa bendi ya Count Basie. Kabla yake, mapigo yalikuwa yakishikwa zaidi na ngoma kubwa ipigwayo kwa mguu. Jones aliyahamishia kwenye jozi ya matoazi yanayofunguka na kufungana kwa kikanyagio, na muziki ukawa mwepesi kama maji yatiririkayo. Wapiga ngoma wa jazi waliokuja baadaye walijenga juu ya msingi huo. Sid Catlett naye alimtumikia Louis Armstrong kwa miaka kadhaa, na mwaka 1945 akarekodi na vijana wa mtindo mpya, Dizzy Gillespie na Charlie Parker, pasipo kupwaya.

Webb alifariki tarehe 16 Juni 1939, akiwa bado kijana, baada ya kupiga ngoma kwa muda mrefu huku akistahimili maumivu. Ella Fitzgerald, mwimbaji aliyelelewa na bendi hiyo tangu mwaka 1935, ndiye aliyeshika uongozi wake.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuko mbali na habari hizi. Neno jazi lilivuka bahari, likawa jina la bendi zetu za dansi, kama Dar es Salaam Jazz na Morogoro Jazz. Ukiwauliza watu, watakutajia waimbaji na wapiga magita wa bendi hizo. Wapiga ngoma wao ni wangapi wawezao kuwataja? Na katika taarabu yetu ya visiwani, mpiga dumbaki na mpiga rika hupewa nafasi gani wimbo unapotangazwa?

Kwa hiyo ndugu zetu wanaohusika na utamaduni, utangazaji na hifadhi ya kumbukumbu hawana budi kuandika, kwa kila wimbo unaorekodiwa, jina la mtungaji na la kila mpigaji, na kuhakikisha kwamba malipo yanafuata majina hayo. Kazi hiyo yahitaji karatasi, kalamu na uadilifu. Yaliyompata Sampson yalianzia hapo, katika orodha ya majina.